Simu Iliyomzika Godefroid Akiwa Hai

Soko la Kikula, mjini Likasi, bado halijajaa asubuhi hii, lakini sauti ya Marcelline Mwadi imekwisha kuwafikia wauza makaa walio ng'ambo ya barabara.

"Aló! Aló! Sema polepole! Minasema, polepole!"

Amesimama juu ya kiti cha mbao. Mkono mmoja umeshika simu nyeusi, nzito, yenye antena ya kuvuta. Kwa kidole cha mkono mwingine ameziba sikio. Chini yake mama Anne, muuza mihogo, anamtazama; yeye amelipa dakika mbili ili aongee na binti yake aliyeko Lubumbashi. Anne alijaribu kusikiliza mwenyewe, akaambulia mchakacho tu. Ndipo akamrudishia Marcelline simu amsikilizie.

"Anasema mutoto anasoma," Marcelline anamwambia. "Hapana, ngoja. Anasema mutoto iko na homa. Aló! Anasoma ao iko na homa? Rudilia!"

Simu inakata. Dakika mbili zimekwisha. Anne anasimama kidogo, anafunga kitenge chake vizuri, anarudi kwenye mihogo yake bila kujua kama mjukuu wake yuko darasani au kitandani.

Marcelline anashuka kitini, anaisukuma antena ndani kwa kiganja. Ana hasira.

"Unamona, papa?" ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumsikiliza. "Ule mama atabeba ile mawazo siku muzima. Na kule kwa kampuni, zile ni dakika mbili kama dakika zingine. Kelele wanatuuzisha bei moja na maneno!"

Hivi ndivyo anavyofanya kazi tangu mwaka jana, pale kampuni ya simu ilipopanda antena yake kilimani na kuwaambia watu wa Likasi kwamba sasa wataongea na dunia nzima. Simu yenyewe si yake. Ni ya François, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye huiacha kwake kila asubuhi na kuichukua jioni. Marcelline anapata sehemu ya kile kinachoingia.

Dakika moja ni sawa na meka mbili za unga, lile bakuli la kupimia la sokoni. Kwa nyumba nyingi za Kikula, hicho ni chakula cha siku nzima. Anayekuja kupiga simu amekwisha kuamua nani hatakula.

Na wanaokuja hawaji kwa mchezo. Tangu treni za mwaka 1993 zilipobeba watu waliofukuzwa hapa na kuwarudisha Kasai, kuna familia nyingi hapa ambazo nusu yake iko Likasi na nusu iko Mbuji-Mayi, kulekule Kasai. Mume huku, mke kule. Mama huku, watoto kule. Hakuna barua inayofika kwa wakati, na treni inakuja ikitaka. Kwao, simu ya Marcelline ndiyo njia iliyobaki.

Yeye mwenyewe ana miaka arobaini na sita, na sauti za watu ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Alipokuwa msichana aliajiriwa katika ofisi ya simu ya mji, akaunganisha laini kwa mikono yake, waya huu hapa, waya ule pale. Kisha ikaja miaka ya uporaji. Watu walikata nyaya usiku, wakaziuza kama shaba. Ofisi ikabaki na viti na vumbi.

"Zamani laini ikiwa mubaya, nilikuwaka nabadilisha," anasema. "Natafuta ingine, muntu anasikia. Hii, nibadilishe nini? Nipande kilimani nipige ile chuma yao makofi?"

Ukimuuliza hasira hii ilianza lini, hafikirii sana. Ilianza mwezi wa tatu, siku Hélène alipoitwa mbiombio aje kusikiliza habari za mume wake.

Hélène ni mshonaji. Nyumba yake haiko mbali na soko. Mume wake, Godefroid Kaumba, alikuwa fundi mitambo kiwandani hadi karakana yao ilipofungwa. Akaamua kuingia biashara ya samaki wakavu. Alinunua magunia pamoja na rafiki yake Blaise, wakapanga kuyauza Mbuji-Mayi. Blaise alitangulia kwa lori kutafuta wanunuzi. Godefroid alibaki na magunia kwenye treni.

Siku chache baadaye uvumi ukaingia Likasi: mabehewa yameanguka huko mbele ya Kamina, na kuna waliokufa. Nani aliyekufa, hakuna aliyejua. Hélène aliacha kula. Kila siku alikuja kwenye meza ya Marcelline kuuliza kama kuna aliyepiga.

Hatimaye Blaise alipiga. Marcelline alimtuma jirani, na Hélène akaja akikimbia, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi. Akachukua simu kwa mikono miwili.

Neno lililotoka Mbuji-Mayi lilikuwa "alifika". Neno lililoingia sikioni mwa Hélène lilikuwa "alikufa".

"Minye nilikuwa pembeni yake, kichwa yangu na yake inagusana," Marcelline anakumbuka. "Nilisikia 'Godefroid'. Nilisikia 'ali'. Kisha kelele. Kisha 'a'. Njo ile tu. Muntu muzima, bibi yake, mutoto yake, wote wakaingia mu ile kelele ya katikati."

Hélène alianguka hapo hapo, katikati ya nyanya za watu. Marcelline aliiokota simu chini akapiga kelele, "Blaise! Rudilia! Alifanya nini? Rudilia!" Laini ilikuwa imekufa. Alipiga tena na tena mpaka betri ikaisha. Akaenda kuichaji kwenye kinu cha unga, akarudi, akapiga. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika kilimani, na antena ya kampuni haikuwa na kitu kingine cha kuitegemeza.

Kabla jua halijashuka, viti vya Hélène vilikuwa vimetolewa nje na kilio kimeanza. Wanawake walimkalisha chini, kwenye mkeka, wakamnyoa nywele.

Marcelline alikwenda huko akiwa bado na simu mkononi. Alipita katikati ya waombolezaji, akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Hapana bado! Lile neno halikusikika vizuri. Mungoje kwanza!"

Anasema walimtazama kama mtu aliyetukana maiti.

"Mama moja akaniambia, 'Weye unataka kumunyima Godefroid kilio yake? Bibi yake mwenyewe alisikia na masikio yake.' Nikamujibu, 'Masikio yake ni mazuri, mama. Ile kintu aliweka ku masikio njo mubaya.' Wakanisukuma inje."

Siku iliyofuata alifika Constantin, kaka mkubwa wa Godefroid, kutoka Kambove. Alilia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Alipomaliza kulia alianza kuangalia nyumba.

Kwanza ilitoka cherehani. Kisha kitanda. Kisha wanaume aliokuja nao wakapanda juu ya chumba cha nyuma, wakang'oa mabati, mvua ya mwezi wa tatu ikiwa bado inanyesha. Hélène, akiwa kwenye mkeka, alisikia misumari ikitoka mmoja mmoja juu ya kichwa chake. Mjane hasemi. Ndivyo alivyofundishwa, na hakusema.

Mwisho kabisa, Constantin alimshika mkono Orpa, binti yao wa pekee mwenye miaka tisa. "Huyu ni mutoto wa jamaa," alisema. "Atakomalia kwetu."

Hapo Hélène alisema. Alipiga yowe, akashika gauni la mtoto wake, na gauni likachanika mkononi mwake. Kile kipande cha nguo ndicho alichobaki nacho.

Marcelline hakuacha kupiga. Umeme uliporudi kilimani alipiga ile namba ya duka la Mbuji-Mayi aliyotumia Blaise. Mara nyingi haikuingia. Ilipoingia, mwenye duka hakusikia aliloulizwa, akakata. François aliona mazungumzo yale yasiyolipwa na mtu, akamfokea mbele ya wateja.

"Nilimuambia, 'Papa François, kata mu sehemu yangu,'" anasema Marcelline. "'Kama yote inaisha, iishe. Lakini ile neno nitaisikia.'"

Wiki ilikuwa imekwisha kupita alipompata Blaise, na Blaise akamwambia jambo lililomfanya akae chini. "Godefroid yuko hapa. Alishuka mapema kwenye kituo kidogo kabla ya mabehewa kuanguka, akatembea, akapata lori. Alifika mzima. Si nilisema?"

"Alifika!" Marcelline aliwapigia kelele watu wa soko. "Alifika, munasikia? Fi-ka!"

Alimleta Hélène mwenyewe, kichwa kilichonyolewa chini ya kitambaa cheusi. Akamtumia Constantin ujumbe aje, maana Kambove si mbali. Constantin alikuja. Alisimama mbele ya meza na mikono kifuani, na soko likakusanyika.

Wakapanga saa, wakapiga. Huko upande wa pili alikuwa Godefroid mwenyewe, mzima wa miguu na mikono. Simu ikapanda na kushuka, ikachakacha, ikatoa sauti ya mtu anayezungumza ndani ya pipa.

"Ile hapana sauti ya mudogo wangu," alisema Constantin baada ya kuisikiliza.

"Umuulize kintu," Marcelline alimwambia. "Umuulize kintu yeye tu anajua."

"Muulize jina ya mama yetu."

Marcelline aliuliza kwa kelele. Jibu likaja: mchakacho, kisha kipande cha neno, kisha mchakacho. Akauliza tena. Mchakacho. Akauliza mara ya tatu huku machozi yakimtoka, si ya huzuni bali ya kutaka kuivunja ile simu kwenye jiwe.

Constantin akawageukia watu. "Mumesikia bote? Hajue jina ya mama yake."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja wa kanisa la maombi akasema kwamba sauti ya marehemu kutoka kwenye chuma ni kazi ya pepo, akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Wengine wakamsaidia. Marcelline anasema kelele za maombi zilikuwa safi kuliko za simu.

Hélène ndiye aliyeichukua simu mkononi mwa Marcelline. Hakuuliza chochote. Alisikiliza tu. Kule Mbuji-Mayi mtu alikohoa.

"Nilijua," Hélène ananiambia, akiwa ameketi kando ya meza ya Marcelline. "Maneno yote ilikuwa inakufa njiani, lakini kile kikohozi kilifika kizima. Alikuwaka anakohoa vile tangu kule kiwandani, mara mbili, kisha anasafisha koo. Nimelala pembeni ya kile kikohozi miaka kumi na mbili."

Aliwaambia. Constantin alicheka. Kikohozi, alisema, kila mtu anacho. Akarudi Kambove, kwenye mabati ya ndugu yake.

Hapo ikaanza miezi ambayo Hélène hapendi kuieleza. Reli ilikuwa imeharibika, hakuna treni iliyopita. Magunia ya Godefroid yalipotea kwenye mabehewa, na bila kuyauza hakuwa na nauli ya lori ya kurudia. Kwa majirani, Hélène alikuwa mjane. Moyoni mwake alikuwa mke. Parokiani walimwombea apewe nguvu ya kuukubali ukweli. Alishona kwa mkono, kwa sindano ileile, nguo ndogo ndogo za watoto wa wengine. Alikwenda Kambove kwa miguu kumtazama Orpa, na mara mbili alizuiliwa mlangoni.

"Bantu walikuwaka wananihurumia," anasema. "Njo ile iliniua. Nasema bwana yangu iko, wananishika mukono, wanasema, 'Ndiyo, mama, ndiyo.'"

Mara kwa mara Marcelline alimpigia Mbuji-Mayi bila malipo. Mara kwa mara walisikia kikohozi.

Godefroid alirudi mwezi wa tano, reli ilipofunguliwa tena, baridi imeanza. Alishuka kituoni na kutembea kwa miguu hadi Kikula, amekonda, begi moja begani. Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zao wakakimbia. Mzee mmoja, jirani yake, alifunga mlango.

"Nilikuwa na uzi mu kinywa," Hélène anasema. "Nikainua kichwa, nikamumona ku mulango. Anaangalia tu kichwa yangu, nywele inaanza kuota. Nikasimama. Nikamupiga kofi. Sijue juu ya nini. Kisha nikamushika masikio yote mbili, nikamushika nguvu, juu nisimwache tena."

Godefroid mwenyewe si mtu wa maneno mengi. Ninapomuuliza alijisikiaje kukuta amefiwa na yeye mwenyewe, anatazama kiganja chake.

"Nilikuta mvua mu chumba yangu," anasema. "Nikakuta mutoto hayuko. Ya kufa, ile si kitu. Watu wanakufaka. Lakini minye niliita jina ya mama yangu mara tatu. Mara tatu, papa. Nililia kabisa kwa nguvu, duka yote ya Mbuji-Mayi inaniangalia. Na yaya yangu, mukubwa wangu, anasema sijue jina ya mama yangu."

Alikwenda Kambove kesho yake. Constantin alimwona, akaingia ndani, akamtoa Orpa mwenyewe. Mtoto alikataa kumkaribia baba yake. Alikuwa ameambiwa asiwaguse wafu. Ilimchukua Godefroid mchana wote, akiwa ameketi chini uani, hadi Orpa akaja kumgusa goti.

Mabati yalirudi yakiwa na matundu mapya. Cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa, na aliyeinunua ameondoka na lori kuelekea Kolwezi. Constantin hakuomba radhi. Alimwambia ndugu yake maneno ambayo Marcelline anayarudia hadi leo huku akiuma meno:

"Minye nilisikia vile bote walisikia. Enda ushitaki telefoni."

"Constantin ni mwizi," Marcelline anasema bila kupunguza sauti, ingawa soko sasa limejaa. "Sitamutetea hata siku moja. Lakini nani alimufungulia mulango? Nani alimupa neno ya kuibia? Ile neno haikutoka kwa Blaise. Haikutoka kwangu. Ilitoka kule," na anaelekeza kidole kilimani.

Mwezi wa sita alikuja kijana wa kampuni kutoka Lubumbashi, na tai yake, kukagua simu zinazokodishwa. Marcelline alimsimulia yote tangu mwanzo. Alitegemea angalau pole.

"Alicheka!" anasema. "Anasema, 'Mais maman, c'est drôle, ile! Inachekesha!' Kisha anasema hapana kosa yao, ni hewa. Hewa! Hewa ya Likasi njo inakata maneno! Nikamuambia, 'Muana wangu, hewa hii tulikuwaka nayo zamani, na nilikuwaka nasikia muntu wa Kinshasa anameza mate.'"

Kijana alimwambia aandike malalamiko. Marcelline alimwuliza atayatuma kwa njia gani. Kijana akaingia kwenye gari.

Tangu siku hiyo Marcelline ameweka sheria zake juu ya meza ile. Kifo hakitangazwi kwenye simu yake. Mwenye habari hiyo atume mtu. Kwa aliyefika, hakuna kusema "alifika". Husemwa "yuko muzima, anakula", na aliye upande wa pili hurudia maneno hayo kabla ya kuendelea. Na mteja ambaye hakusikia kitu halipi.

Sheria hiyo ya mwisho karibu imfukuzishe kazi. François alikuja juu. "Weye unataka kunimaliza? Kampuni inanihesabia!" Walikubaliana dakika za kelele zikatwe katika sehemu ya Marcelline. Ziko jioni ambazo anarudi nyumbani na mikono mitupu, na mume wake, ambaye naye kiwanda kimemsahau, humwambia aachane na vita visivyo vyake.

"Namuambia, 'Ni vya nani basi?'" anasema. "Minye njo nawapatia ile kintu mu mukono. Wananiangalia minye. Kampuni hawaijue sura."

Ninapomuuliza kuhusu kesho, hazungumzii simu mpya wala meza kubwa zaidi. Amekwisha kuzungumza na wanawake wengine wanaokodisha simu, hapa Likasi na Kambove. Kila mmoja ana habari yake: ndoa iliyovunjika kwa neno nusu, mgonjwa aliyepelekwa hospitali nyingine, shamba lililouzwa kwa "ndiyo" ambayo haikusemwa. Kabla mvua hazijaanza wanataka kupanda lori moja hadi Lubumbashi, kwenye ofisi ya kampuni, na kuketi mlangoni hadi mkubwa mwenyewe atoke. Wanataka mambo mawili: antena ipewe umeme wake, na asiyesikia asilipe.

Godefroid ameahidi kwenda nao. Hélène atakuja na Orpa.

Ninamwuliza Marcelline atafanya nini kama mkubwa huyo atacheka kama yule kijana.

Mteja mwingine amekwisha kufika, mwanamume mwenye kofia ya kiwanda, ameshika namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya saruji. Marcelline anapanda kwenye kiti, anavuta antena, kisha ananiinamia.

"Nitamuweka Godefroid mbele yake," anasema. "Karibu karibu, pua na pua, bila telefoni katikati. Nitamuambia, 'Bwana mukubwa, huyu muntu mulimuzika. Sasa muulize jina ya mama yake.'"